Shali Inayoanzia Shingoni

Ujiji, nyumbani, baada ya alasiri

Mwanangu Ramla,

Hilo neno la kwanza hapo juu nimeliandika nikiwa nimeukomea mlango wa chumba, kana kwamba kuna mtu anaweza kulisikia likiandikwa. Sijawahi kukuita hivyo. Nimekuita Ramla, nimekuita Mamii, nimekuita wee mtoto, na mbele za watu nimekuita mdogo wangu. Mwanangu, bado.

Wewe uko uani na bibi yako, yule unayemwita Mama. Mnachagua mchele. Nasikia unavyomuuliza kila punje, "Hili jiwe? Na hili?" naye anakujibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Kesho asubuhi Bibi wa Kasulu atapita kukuchukua. Yeye ni mama mzazi wa baba yako. Ameshafika, leo atalala kwa ndugu yake Gungu. Mimi nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Bibi yako wa hapa kutwa yuko ufukweni Kibirizi na dagaa zake za kuuza, na mgongo wake siku hizi ukiinama haunyooki upesi. Hakuna wa kubaki na wewe. Hilo wakubwa tumelizungumza na tumekubaliana, na sidhani kama tumekosea. Kilichokosewa ni kingine, na hapo siwezi kusema "sisi". Ni mimi.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kuvaa ndala ukienda chooni, wala za kuacha kulamba chumvi. Bibi wa Kasulu kalea watoto kabla hata mimi sijazaliwa. Nakuandikia yale ambayo yeye hawezi kukufundisha, maana hakuyafanya.

Mwezi uliopita alipiga simu. Aliongea na bibi yako kwanza, kisha akasema, "Nipe huyo binti." Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto nitamchukua, nitamlea kama nilivyomlea baba yake, tena afadhali, maana yule alinishinda." Akacheka kidogo. "Ila nina neno moja. Aje anamjua mama yake. Nimesikia anakuita dada. Mimi siwezi kumdanganya mtoto kwa niaba ya mtu. Akiniuliza nitasema, na haitakuwa vizuri akiyasikia kwangu. Umwambie mwenyewe. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuma shali.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa mpaka ukaniita dada, kwa sababu neno hilo hukuzaliwa nalo. Neno lako la mwanzo lilikuwa mama, na ulilielekeza kwangu. Mimi nilikuwa nimerudi shule wakati huo, shule nyingine, kule Gungu, ambako hakuna aliyenijua. Nilikuwa msichana mkimya wa dawati la nyuma, na ukimya huo ulinifaa sana. Asiyesema haulizwi.

Jumamosi moja wenzangu wa darasa walikuja tusome pamoja kwa ajili ya mtihani. Tumekaa mkekani, madaftari yamejaa, ukatoka uani na uji kidevuni, ukakumbatia goti langu. "Mama!"

Salome, mmoja wao, akainua macho. "He! Na huyu nani?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Lakini siku hiyo mdomo wangu ulipata kasi nisiyoijua ulikoitoa. "Mdogo wangu wa mwisho huyu. Kwake kila mtu ni mama. Juzi kamwita mama muuza mkaa, mwanaume mwenye ndevu!"

Walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Na wewe, ulipoona tunacheka, ukacheka, ukapiga makofi na mikono yako yenye uji. Hicho kicheko chako ndicho kinachoniamsha usiku. Ulidhani tumefurahi pamoja.

Baada ya hapo nikaanza kukufundisha. Sikukupiga, wala sikukugombeza. Afadhali ningekugombeza, ungejua kuna ugomvi. Ukisema "mama, maji", sikusikia. "Mama, nimeanguka", niliendelea na daftari langu. "Mama, tazama", sikutazama. Ukikosea ukasema dada, kama ulivyowasikia watoto wa jirani wakiniita, hapo hapo nageuka, nakubeba, nakubusu shingoni unakopenda. Mtoto ana akili. Alfajiri moja uliamka unalia, macho hujafumbua, ukaita, "Dada!" Nikajua umefaulu. Nikakuchukua nikakulaza kifuani, na nilijisikia nimepumua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, Ramla: nilipumua.

Mtaa mzima wa hapa unajua. Wameniona nikitembea na tumbo langu chini ya kanga, wameleta uji siku ulipozaliwa. Lakini bibi yako aliwaambia tu, "Acheni mtoto asome," nao wakameza. Watu walinisaidia kudanganya kwa heshima kubwa, na sikuwahi kumshukuru hata mmoja. Nilikuwa naona ni haki yangu.

Ila Kibirizi si mtaani. Likizo moja nilikwenda na bibi yako kusaidia kuanika, wewe mgongoni kwangu, umelala. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitandaza dagaa akaita, "Mama Ramla, hebu vuta hilo turubai!"

Sikugeuka.

"Mama Ramla! Huyu ana masikio au amevaa mapambo?"

Mwingine akadakia, "Mwache bwana. Huyo ni dada mtu. Mtoto aliingia kwenye wavu pamoja na dagaa."

Wakaangua kicheko, mpaka wapagazi waliokuwa wakipakia magunia wakageuka. Bibi yako hakuinua kichwa. "Chekeni, chekeni," akasema, "mvua ikija tutaona nani anacheka na dagaa mbichi." Na mimi nikaivuta kanga juu, nikakufunika kichwa. Mtu akiona angesema namkinga mtoto na jua. Jua lilikuwa upande wa pili.

Sasa shali. Utauliza shali imeingiaje hapa. Iliingia kama kila kitu changu, kwa kutafuta njia ya kupita pembeni. Baada ya ile simu ya Kasulu nilijiambia, kule kuna baridi, hasa asubuhi, nimfumie mtoto kitu. Nikiwa mkweli zaidi: nilijiambia nikimpa kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, siku moja atakitazama, ataelewa, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Kwenye simu nilikuwa nimeona picha ya shali ya pembetatu. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza nakisoma vizuri kuliko ninavyokisema, kama Kiswahili tu. Nikayapeleka kwa Mama Spesi. Yeye ni mama wa Kirundi aliyehamia hapa zamani, anafuma masweta ya shule kwenye kibaraza kimoja Gungu, njia niliyokuwa nikipita kwenda shule. Nilimsomea huku natafsiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Oya, oya. Nguo huanza chini, mwana. Unafuma pindo, unapanda, unafika shingoni unafunga. Hii inaanzia shingoni, itaning'inia wapi?"

"Imeandikwa hivyo, mama. Inaanza ndogo katikati ya shingo, halafu inakua inashuka."

"Inakua mpaka wapi?"

"Popote. Uzi ukiisha unafunga, na ni shali tayari. Haihitaji kufika mahali."

Akanitazama. "Hiyo nimeipenda," akasema. "Sweta ukiishiwa uzi unabaki na mtoto wa mkono mmoja."

Uzi wa dukani bei yake haikuwezekana, kwa hiyo nikafanya kama wanavyofanya wafumaji wa huku, nikanunua sweta la mtumba nilifumue. La manjano, zuri, laini. Nikakaa nalo nyumbani, nikakata mshono, nikavuta. Likatoka kipande cha uzi. Nikavuta tena, kipande. Nikadhani limechakaa. Kufika magharibi nilikuwa na furushi la vipande, kila kimoja urefu wa mkono wako. Nilipompelekea Mama Spesi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Yoo! Umepika tambi!" Akageuza sweta la mteja, akanionyesha ndani, ubavuni. "Tazama mshono kwanza. Hili kila upande umefumwa peke yake, ukingo mzima, ndipo ukaunganishwa. Ukivuta, uzi unakuja mmoja mpaka mwisho. Lako lilikatwa kwa mkasi kama kitambaa, likapigwa cherehani. Nje ni mazuri yote mawili. Usinunue sweta kwa uso."

La pili nilichagua kwa kuligeuza ndani. La kijani cha chupa, la mwanaume mnene, mikono imetoboka, lakini mishono yake ilikuwa kama alivyosema. Hili tulilifumua mimi na wewe. Sijui kama utakumbuka. Ulikaa kwenye kigoda umenyoosha mikono, nikakuzungushia uzi viganjani, mzunguko juu ya mzunguko, na uzi ulikuwa umejikunja-kunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa.

"Dada, usinifunge sana. Nitakulaje?"

"Nitakulisha."

"Na nikitaka kukuna pua?"

"Nitakukuna."

"Nikune sasa."

Nilikukuna. Tulikuwa peke yetu, bibi yako Kibirizi, mlango umefungwa. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwonea aibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, uso wako na uso wangu vimekaribiana hivi. Nikasema, "Kaa vizuri, uzi utachafuka." Halafu nikauosha, nikauanika kambani na chupa ya maji imening'inizwa chini yake ili uzito uunyooshe, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii sana.

Sindano alinitengenezea Mama Spesi, spoku mbili za pikipiki, kazikata na kuzinoa kwenye saruji, kisha kaziunganisha kwa mshipi mnene wa kuvulia, kwa sababu shali inapanuka na spoku tupu haiwezi kuibeba. Mwanzo wake ndio unaosumbua. Hauanzi na mstari mrefu. Unaanza na vitanzi vichache kabisa, unafuma kautepe kembamba, kafupi kama kidole chako. Kisha unakageuza, unaokota vitanzi ubavuni mwake, na vingine upande wa pili ulikoanzia. Hapo una kitu kisichofanana na kitu chochote. Kautepe kamezungukwa na vyuma. Nilikafumua na kukaanza upya tena na tena, na kila ulipopita uliuliza, "Imekwisha?" nami nikasema, "Imeanza."

Ikishaanza, kila baada ya mstari unaongeza vitanzi, kimoja ukingo huu, kimoja ukingo ule, na viwili katikati, huku na huku ya uti wa mgongo wa shali. Katikati panawekewa alama ya uzi wa rangi nyingine ili usipasahau. Mimi niliweka alama vizuri, kipande kimojawapo cha zile tambi za manjano. Halafu nikapasahau hivyo hivyo. Niliongeza kingoni tu. Kingo naziona, kila nikigeuza kazi nakutana nazo. Katikati unapita na mkono tu, mkono umeshazoea. Juma zima nilifuma nikijisifu jinsi inavyokua, na ilikua kweli. Nilipoitandaza kwenye kibaraza cha Mama Spesi, ilikuwa pembetatu safi, ila ncha yake ilikuwa juu, pale pale palipotakiwa kukaa shingo.

Mama Spesi aliigeuza huku na huku. "Hii ni ya kumvalisha nani? Kuku?" Kisha akaona alama ya manjano. "Alama si hii hapa?"

"Niliiona."

"Uliiona ukaipita?"

"Ndiyo, mama."

Hakucheka. Alishika sindano zake akaendelea na sweta lake, akauliza bila kunitazama, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Umeshamwambia mtoto?"

Sikuwa nimemwambia yeye lolote kuhusu wewe. Hata kwake nilisema ni shali ya mdogo wangu.

"Mama umejuaje?"

"Nimefuma nguo za watoto miaka yote hii. Dada mtu huja kupima mara moja, anaondoka. Wewe umekuja na upana wa mabega yake umeukariri kidoleni." Akavuta uzi. "Mimi nilikuja huku na watoto, wengine nilizaa, wengine niliokota njiani. Wote niliwaita wangu, hata pale ambapo ingekuwa rahisi kusema si wangu. Sikusemi, mwana. Nakwambia tu. Fumua hiyo, buhoro buhoro, polepole, usikate uzi."

Nilifumua. Nililia huku nafumua, na nilikuwa nimekaa barabarani kabisa, vijana wa bodaboda wananiona. Mmoja akasema, "Sista, sweta limekuacha?" Mama Spesi akamrushia ganda la karanga.

Nikaanza upya, na safari hii nikapaangalia katikati. Shali imekwisha. Uzi uliisha mapema kuliko nilivyotaka, kwa sababu mikono ya lile sweta la mwanaume mnene haikufumuka vizuri, kwa hiyo ni ndogo. Inakufunika mabega na ncha yake inafika kiunoni. Ukikua itakuwa kitambaa cha shingo. Upande wa kulia, karibu na mwanzo, kuna tundu ambalo sikulikusudia. Nilitaka kulishona nikaliacha. Iko kwenye begi lako, juu ya nguo zote. Nilipokuvisha jana ulijizungusha mpaka ukaanguka, ukasema, "Nimekuwa bi harusi." Bibi yako akapiga kigelegele. Akanitazama, nikaelewa maana ya ule mtazamo, nikaenda kuosha vyombo.

Mambo niliyojifunza si mengi, na mengine sina hakika nayo. Aibu niliyokuwa naikimbia, ile ya kuonekana nina mtoto, ilikuwa na mwisho. Wanawake wa Kibirizi wangecheka msimu mmoja, wangepata kingine. Salome na wenzake wangeshangaa siku mbili. Hii nyingine, ya kukukana, haina wa kuicheka, kwa hiyo haina wa kuichoka. Naikuta kila mahali nikiwa peke yangu. Nilipopata matokeo mazuri nilikwenda chooni nikakaa humo, maana watu walikuwa wakinisifu, "Binti ametulia huyu," na nilijua utulivu wangu ulijengwa juu ya nini.

Na sikufanya hivyo kwa kuwa sikupendi. Ningependa uliamini hilo, lakini sitakulazimisha. Nilikupenda na nikakukana, kwa siku hizo hizo, kwa mikono hiyo hiyo. Nilidhani kimoja kati ya hivyo lazima kiwe uongo. Kumbe vinakaa chumba kimoja.

Nimesimama kidogo hapa. Nimesoma tangu juu.

Ramla, unakaribia miaka minne. Hata herufi a huijui. Barua hii utaisoma lini? Nimekaa tangu alasiri nakuambia ukweli mahali ambapo huwezi kuusikia, mlango nimeukomea, na wewe uko hatua chache tu kutoka hapa unachagua mchele. Naona sasa. Hii nayo ni shali. Nimepata kitu kingine cha kufuma.

Naweka kalamu chini.

*

Nimerudi. Nimewasha taa, na mwandiko umebadilika.

Nilitoka uani, nikakaa chini kwenye saruji mbele yako. Bibi yako alikuwa anapepeta. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yote yakanikimbia, nikabaki na haya:

"Ramla, mimi si dada yako. Mimi ni mama yako. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Ungo ulisimama. Bibi yako alitazama mchele tu, na mchele ulianza kumwagika taratibu upande mmoja bila yeye kuona.

Ukamnyooshea kidole. "Mama ni huyu."

"Huyo ni mama yangu mimi. Kwako ni bibi."

"Kweli?" ukamuuliza yeye.

"Kweli, mjukuu wangu," akasema.

Ukanirudia mimi. Ulinitazama usoni muda mrefu, unanikagua, kama ulivyokuwa unakagua punje. "Nilikuwa tumboni kwako?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu. Nilikosea. Wewe hukukosea kitu."

Ulikubali haraka, kwa kichwa, kana kwamba nimekuambia kesho kuna chapati, nami nikaanza kushukuru Mungu moyoni kwamba yamekwisha na yamekuwa mepesi. Ndipo mdomo wako ukaanza kutetemeka.

"Sasa dada yangu ameenda wapi?"

Nilisema dada ni mimi, dada na mama ni mtu mmoja, nipo hapa, sijaenda popote. Hukutaka. Ulikuwa na dada anayekukuna pua na kukubusu shingoni, na mtu mmoja amekaa chini kwenye saruji akakuambia hayupo, hakuwahi kuwepo. Ulilia kilio ambacho sijawahi kukusikia nacho. Nilikunyanyua, ukanipiga kifuani kwa ngumi, halafu kwa kuwa hapakuwa na bega lingine karibu ukalia kwenye hilo hilo langu, "Nataka dada, nataka dada," mpaka usingizi ukakuchukua.

Umelala sasa, hapa hapa begani. Bibi wa Kasulu atatukuta asubuhi tukiwa na macho yaliyovimba sote watatu. Sijui utaamka ukiniita nani. Lolote utakaloniita, nitaitika.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umekushika.

Mama yako